Mgeni wa Kumponya Bibi

Juzi mwanangu wa darasa la tatu alinifuata jikoni na daftari lake la Kiswahili. Mwalimu alikuwa amewapa kazi ya nyumbani. "Mama, mtu anayependa kupokea wageni na kuwatunza vizuri anaitwaje?" Mikono yangu ilikuwa kwenye unga, nikamjibu bila kufikiri: "Mkarimu." Akaandika. Akauliza kama kuna neno jingine. Nikamwambia mwenyeji, nikamwambia mkaribishaji, halafu nikashikwa na kicheko, nikacheka mpaka nikakaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mtoto akaniangalia, akaona namfanyia mzaha, akachukua kifutio akafuta yote matatu.

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mdogo kidogo kuliko yeye, maneno hayo hayo yalinichanganya akili, yakanipeleka mpaka stendi, na kidogo yavunje posa ya watu.

Nililelewa Kilwa Kivinje, kwa bibi yangu mzaa baba, Bi Somoe. Baba na mama walikuwa Kiswere, baba akivua samaki, mimi nikaachwa Kivinje nisome. Nyumba ya Bibi ilikuwa ya zamani, kuta nene za mawe na chokaa iliyobanduka, baraza refu mbele, na ndani ukumbi ambao ukipiga chafya sauti inakurudia. Babu alipofariki tukabaki watatu humo: Bibi, Shangazi Mwanahawa na mimi.

Mji mzima ulisema Bi Somoe ni mkarimu, na neno hilo lilinikera sana. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa akiitwa Mzee Karimu. Mimi nilishajua kwamba Mmwera ni mtu wa Wamwera na Mmakonde ni mtu wa Wamakonde. Basi kwa akili yangu, mkarimu ni mtu wa kina Karimu. Siku za matanga ya Babu alikuja mama mmoja kutoa pole, akasema kwa huzuni, "Marehemu na mkewe walikuwa wakarimu." Nikamsahihisha palepale: "Hapana, mama. Wakarimu wanakaa nyumba ya pili." Shangazi alinifinya paja mpaka nikaona nyota mchana.

Kilichoniuma ni kwamba Mzee Karimu alikuwa mtu wa mwisho ambaye ningependa kuhusishwa naye. Mzee yule alikuwa akifunga dirisha kabla mkewe hajakaanga samaki, ili harufu isiende kwa watu bure. Ukimpita anakunywa chai barazani, alikuwa anainamisha kichwa na kuanza kutafuta kitu chini, kijiko au shilingi, mpaka upite, asije akalazimika kusema karibu. Shangazi alisema ana mkono wa birika. Nalo hilo nililiamini kama lilivyo. Mzee Karimu alivaa kanzu ya mikono mirefu kila siku, jua lichome lisichome, na mimi nilijua sababu. Mara nyingi nilikaa ukutani kwetu nikimvizia anawe udhu, nione huo mkono ulivyo, kama una mdomo wa kumiminia, kama una mfuniko. Siku zote alinigeuzia mgongo.

Nyumba yetu wakati wa Babu ilikuwa tofauti kabisa. Babu alikuwa akinunua ufuta kutoka kwa wakulima wa bara, na wakulima wale wakija Kivinje walifikia kwetu. Walilala ukumbini kwenye mikeka, wakakoroma kila mtu kwa lugha yake. Walikuja na asali, na ming'oko, vile viazi vya porini, na habari za tembo waliovamia mashamba. Bibi alikuwa akiamka na kuulizia kwanza idadi ya viatu mlangoni. "Leo wangapi?" Akisikia kumi, anafurahi. Akisikia watatu, anasema labda njia imeharibika.

Babu alipokufa, viatu vikapungua. Watu wa ufuta wakapata mnunuzi mwingine kule barabara kuu, na ingawa walikuja kwenye msiba wakalia kwa machozi ya kweli, baada ya hapo hawakuwa na sababu ya kushuka hadi Kivinje. Bibi akakaa eda, akamaliza. Siku ya kutoka eda alivaa kanga mpya, akapika wali wa kulisha kijiji, akakaa barazani. Hakuja mtu. Jioni tulikula sisi watatu, tukala kesho yake, na keshokutwa wali ukapewa kuku.

Wiki ile Bibi akalala. Hakuwa na homa. Shangazi alimpeleka hospitali, wakampima damu, wakampima mkojo, wakasikiliza moyo, wakasema hawaoni kitu, ale tu. Na kula ndiko alikokukataa. Uji alikuwa anaunusa anaurudisha. Alilala ameelekea ukutani, na ukimwuliza anaumwa wapi anasema, "Nyumba inanielemea." Mimi nilitazama dari kwa hofu. Niliona nyufa. Usingizi wangu kwa siku kadhaa ulikuwa wa jicho moja.

Siku moja, Jumamosi asubuhi, Shangazi alitoka chumbani na bakuli la uji lililojaa kama lilivyoingia. Akaliweka chini, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema peke yake, "Ndiyo maana wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Apone nini?" nikauliza.

"Apone. Mgeni akija, mwenyeji anapona."

"Kweli?"

"Wazee hawasemi uongo," akasema, akaenda zake uani kukosha vyombo.

Nilibaki nimesimama. Nilikuwa na hasira, niseme ukweli. Dawa inajulikana, tena wazee wameitaja, na watu wazima wanahangaika na uji! Bibi ni mwenyeji, hilo halina ubishi. Kilichokosekana ni mgeni. Na mgeni anapatikana wapi? Stendi. Nikavaa kandambili zangu, nikapita mlango wa mbele bila kuaga.

Stendi ya Kivinje wakati huo ilikuwa uwanja wa vumbi, gari mbili za kwenda Masoko, mama wa vitumbua, na watu wanaosubiri. Nilianza na kijana mmoja aliyekuwa na begi kubwa. Nikamwuliza, "Wewe ni mgeni?" Akaniangalia kama nimemtukana. "Mgeni wapi? Mimi mtoto wa hapahapa, nyumba ya nyuma ya msikiti. Wewe ndiye mgeni." Nikamwacha. Nikamfuata mama mmoja mwenye ndoo ya pweza, nikamwomba apite nyumbani kwetu kidogo tu, aingie na kutoka. Akaniuliza kama kwetu wananunua pweza. Nikasema hapana, tuna mgonjwa. "Basi mpe pole," akasema, akapanda gari.

Ndipo nikamwona mzee aliyekaa peke yake kwenye kivuli cha kibanda, amevaa kanzu safi iliyokunjamana kwa safari na koti jeusi juu yake, jogoo mwekundu kwapani, na miguuni ana dumu dogo la asali. Alikuwa anatazama huku na huku. Ugeni ulikuwa umemjaa usoni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Babu, wewe ni mgeni?"

"Mgeni hasa," akasema. "Natoka Likawage tangu alfajiri."

"Unamsubiri mwenyeji?"

"Namsubiri. Aliambiwa atume mtu anipokee, na jua ndilo hilo unaliona lilipofika."

"Bibi yangu anakungoja," nikamwambia. "Twende."

Mzee akainuka kama kijana. "Alhamdulillahi! Nilidhani wamenisahau." Akanipa lile dumu nimsaidie, yeye akabaki na jogoo. Njiani akaniuliza hali ya nyumbani. Nikamwambia Bibi anaumwa sana, hali chakula, lakini akimwona yeye tu atapona. Akasimama katikati ya njia, akanitazama, macho yakamlegea. "Mtoto umefunzwa adabu wewe," akasema. "Nyumba ya namna hii ndiyo ya kuoana nayo." Sikumwelewa, wala sikujali. Nilikuwa nimebeba dawa ya Bibi, nilichotaka ifike.

Sasa ninachojua mimi, na nilikuja kujua baadaye, ni kwamba mzee yule, jina lake Mzee Athumani, alikuwa mshenga. Kijana wa kwao, fundi wa kuezeka, alikuja Kivinje kuezeka madarasa, akamwona Zuhura binti wa Mzee Karimu, na ukoo ukamtuma Mzee Athumani na barua ya posa. Mzee Karimu ndiye aliyepaswa kumpokea stendi. Lakini alikuwa ameagiza mgeni aje alasiri, baada ya chakula cha mchana na kabla ya cha usiku, na gari la kutoka bara, kwa bahati ya Mwenyezi Mungu, lilifika mapema.

Tulipofika, Mzee Athumani alipiga hodi. Shangazi alikuwa uani, akaitika "Karibu!" akaja akijifunga kanga. Alipomwona mzee mwenye koti na jogoo alisita, lakini ulimi wake ulikuwa wa nyumba ile: "Karibu baba, karibu ndani, pole na safari." Akampokea jogoo, akamkalisha barazani, akampa maji. Halafu akanivuta sikio mpaka ukumbini.

"Nani huyu?"

"Mgeni."

"Mgeni wa nani?"

"Wa Bibi."

Pale kwetu mgeni haulizwi shida yake kabla hajala. Ni aibu. Unaweza kumwuliza habari za mvua, za mazao, za njia, za wazee, lakini si kumwambia "wewe ni nani na umefuata nini". Kwa hiyo Shangazi hakuwa na la kufanya ila kuingia chumbani. Nami nikamfuata kuangalia dawa inavyofanya kazi.

"Mama," akasema, "una mgeni."

Bibi hakugeuka. "Mgeni gani?"

"Mzee. Katoka bara. Kaja na jogoo na asali."

Mgongo wa Bibi ukauliza, "Umemkalisha wapi?"

"Barazani."

"Peke yake?"

Bibi akageuka. Nilikuwa sijauona uso wake mzima kwa siku nyingi. "Mwanahawa! Unamwacha mgeni barazani peke yake, anatazamana na nzi? Hivyo ndivyo nilivyokulea?" Akaketi kitandani. Akatafuta miguu yake, akaipata. "Nipe kanga. Si hiyo, hiyo ya ugonjwa. Ile ya sandukuni. Na wewe Fatu, nenda kakae naye, mwambie nakuja. Usimwulize kitu."

Nilitoka mbio. Nilitaka kupiga vigelegele. Mgeni kagusa baraza tu, na Bibi amekaa!

Bibi alitoka akishika ukuta, amekonda, lakini shingo imesimama. Salamu zao zilichukua muda wa kupika chai. Bibi akamwuliza kama huko kwao hawajambo, maana alishajiambia huyu ni mmoja wa wale watu wa ufuta ambaye amemsahau sura. Mzee Athumani akasema hawajambo wote, wanakusalimuni sana, maana alishajiambia huyu ni bibi wa binti. Bibi akauliza mvua. Akajibiwa. Mzee Athumani akatoa pole ya ugonjwa. Akapokewa. Kila mmoja alikuwa akisubiri mwenzake aseme neno moja la kumfungulia fumbo, na kila mmoja alikuwa na adabu za kutosha kutolisema.

"Kuku," Bibi akamwambia Shangazi pembeni. "Yule mweupe. Na wali wa nazi. Mwite Mzee Karimu aje atuchinjie."

Mzee Karimu alikuja haraka. Kwa kuchinja alikuwa haitwi mara mbili, kwa sababu mchinjaji hupewa firigisi, na mara nyingine hukaribishwa. Alipopita barazani akampa mgeni mkono, "As-salaam alaikum, mzee mwenzangu," akaitikiwa, akaja uani. Na huko uani ndipo nilipopata nilichokitafuta maisha yangu yote. Mzee Karimu akakunja mikono ya kanzu, mpaka juu ya viwiko. Nikasogea. Nikainama. Nikazunguka upande wa pili. Ilikuwa mikono ya kawaida. Myembamba, ina vinyweleo, kovu moja dogo. Nilisikitika kuliko kuku.

"Mtoto huyu ana nini?" Mzee Karimu akauliza.

"Muache, anapenda kuona watu wanavyochinja," Shangazi akasema.

"Mna ugeni mkubwa, naona. Kuku mzima?"

"Mgeni wa mama."

Mzee Karimu akafuta kisu kwenye manyoya, akapumua. "Hongereni. Mimi nami leo alasiri nina mgeni, sina hata raha. Watu wa bara. Wale wakikaa kwenye sinia, mwanangu, hawainuki mpaka waone picha ya maua chini. Namwomba Mungu awe ameshakula njiani."

Chakula kikaiva. Bibi, kama ilivyokuwa desturi yake, akamkaribisha Mzee Karimu ale na mgeni, ili mgeni asile peke yake. Akakataa mara moja, kwa sauti ndogo, akaketi. Nikatembeza maji ya kunawa. Sinia likawekwa kati yao, wali unatoa moshi wa nazi, mchuzi, kachumbari ya ndimu. Bibi akakaa pembeni kwenye kigoda, kama mwenyeji anavyokaa, kuangalia nani ameishiwa mchuzi.

Mzee Athumani hakugusa.

"Bismillahi, baba," Bibi akasema. "Karibu."

"Bi mkubwa, uniwie radhi," akasema. "Kwetu sisi mgeni hali wakati mwenyeji anamtazama. Nimeambiwa tangu njiani kwamba huli. Usipokula, na mimi nitakuwa nimeshiba."

Shangazi, aliyekuwa mlangoni na upawa mkononi, aliganda. Mzee Karimu, ambaye tonge lake la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye midevu, alilishikilia hapohapo hewani, maana haingewezekana ale yeye huku mgeni hali. Alimtazama Bibi kwa macho ya kumsihi. Sijawahi kuona mtu akiombea afya ya jirani yake kwa moyo namna ile.

Bibi akatazama sinia. Akatazama mgeni. Mgeni kulala njaa nyumbani kwake, hilo lilikuwa jambo ambalo halijatokea na halingetokea. "Mwanahawa," akasema, "niletee sahani."

Alikula. Alianza na punje mbili tatu, kama anaonja chumvi, kisha tonge, kisha akaomba mchuzi. Shangazi aligeuza uso akautazama ukuta, mabega yakimtikisika. Mimi nilikuwa nahesabu matonge kwa vidole, vidole vikaisha.

Mambo yangeishia hapo yangekuwa mazuri. Lakini Mzee Karimu alipoona sinia linaendelea vizuri, alifunguka. Akaanza kumsimulia mgeni habari za ugeni wake wa alasiri. Kwamba watu wa bara ni watu wema, lakini kula, mzee mwenzangu, kula! Kwamba ana mpango wa kumpa huyo mgeni chai ya rangi na kumwambia mkewe kasafiri na funguo za stoo. Mzee Athumani alisikiliza kwa makini, akatabasamu, akanyonya mfupa. Bibi alijaribu kubadili mazungumzo kwa njia ya kachumbari, ikashindikana.

Wakanawa. Mzee Athumani akaona sasa wakati wake umefika. Akakohoa kidogo, akaweka koti sawa, akatoa mfukoni leso nyeupe iliyokunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na barua.

"Bi mkubwa, na wewe mzee mwenzangu," akaanza, kwa ile sauti ya kutoka tumboni. "Nimekula, nimeshiba, Mungu awazidishie. Sasa niseme kilichonileta. Sisi huko Likawage tuna kijana. Kijana huyo alipita mji wenu, akaona ua katika bustani yenu, na usingizi ukamkimbia. Nimetumwa kuliomba ua hilo."

Upawa ulianguka mlangoni. Ua pekee katika bustani yetu lilikuwa Shangazi Mwanahawa, miaka mitatu tangu aachwe, na mikono yake muda huo ilikuwa inanuka vitunguu. Nilimsikia anakimbilia ndani, na nina hakika alikuwa anatafuta kioo.

Bibi akakaa vizuri kwenye kigoda. "Ua gani, baba? Litaje, tusije tukachuma la jirani."

"Zuhura," akasema Mzee Athumani. "Zuhura binti Karimu."

Mzee Karimu alikuwa anachokonoa meno. Kijiti kikabaki mdomoni. Rangi ilimtoka usoni kuanzia kwenye paji, ikashuka taratibu kama maji ya bahari yanavyokupwa. Akafungua mdomo, kijiti kikadondoka.

Nikamtazama Bibi. Bado naona jinsi macho yake yalivyozunguka mara moja: kwa mgeni, kwa Karimu, kwenye ile leso, halafu kwangu mimi, yakatua hapo kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaelewa yote. Angeweza kusema, "Baba, umepotea nyumba." Posa ingevunjika palepale, maana nani angeoza au kuoa baada ya maneno yale ya chai ya rangi? Zuhura, ambaye sote tulijua anamtaka yule fundi mpaka amekonda, angebaki analia nyuma ya ukuta wetu.

Bibi akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye nyumba yake. "Huyu ndiye baba yake," akasema, akimwonyesha Mzee Karimu kwa kidevu. "Ndiye Karimu mwenyewe, aliyekuchinjia kuku kwa mkono wake. Tulisema mgeni mzito kama wewe asipokewe na nyumba moja. Kwake na kwangu ni ukuta mmoja. Hayo mengine aliyokusimulia ni utani wa watu wa Kivinje. Mtu tunayetaka awe mkwe tunamtania kwanza, tuone kama ana moyo."

Mzee Athumani akamgeukia Mzee Karimu, uso umetulia kama sufuria iliyofunikwa. "Kumbe. Na wale wageni wako wa bara, mzee mwenzangu, wameshafika?"

"Wa... wameshafika," akasema Mzee Karimu.

"Wamekula?"

"Wamekula."

"Wameiona picha ya maua?"

Mzee Karimu akatazama sinia. Maua mekundu yote yalikuwa wazi, na nusu ya kazi hiyo aliifanya yeye. "Tumeiona wote," akasema kwa sauti ndogo.

Mzee Athumani akaanza kucheka. Alicheka kwa tumbo, akapiga goti, akamvuta Mzee Karimu bega, na Mzee Karimu akacheka naye kwa uoga, halafu kwa nafuu, halafu kweli. Barua ikapokewa. Zuhura aliolewa baada ya mavuno, na kwenye harusi nilimsikia baba yake akiwasimulia watu, kwa kiapo, jinsi alivyompokea mshenga wake kwa kuku mzima na wali wa nazi. Watu wakasema, kumbe Mzee Karimu ni mkarimu. Nikawaambia ndiyo, yeye ndiye.

Mgeni alipoondoka ile alasiri, Bibi aliniita. Shangazi alikuwa amenuna jikoni, na wanja jichoni. "Fatu. Nani alikutuma stendi?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na hakuna aliyekuwa anashughulika. Nilitegemea kufinywa. Bibi alinitazama kwa muda, midomo ikimcheza, halafu akajifunika uso kwa kanga, nikasikia anacheka, na ndani ya kicheko kuna kitu kingine. Akanivuta, akanikumbatia, ananuka udi wa sandukuni. Alisema tu, "Siku nyingine ulizia kwanza amefikia wapi."

Watu wazima huwa wananiambia hakupona kwa sababu ya mgeni, kwamba huzuni ya msiba ina muda wake na muda wake ulikuwa umefika. Inawezekana. Mimi nasema nilichokiona.

Kesho yake aliukataa uji wa mgonjwa, akadai chai na vitumbua kama watu wazima, tena barazani. Nikampelekea. Akawa anawasalimia wapita njia mmoja mmoja na kuwaambia "Karibu chai," nao wakajibu kama inavyojibiwa, "Asante, mama, tumeshakunywa," wakaenda zao. Mzee Karimu akatoka nyumbani kwake, ananyatia ukutani.

"Karibu chai, mzee," Bibi akasema.

Mzee Karimu akasimama. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akavua viatu.

"Haya," akasema, akipanda barazani, "kwa kuwa umenilazimisha."

Bibi hakuwa amemlazimisha. Alisogea kumpisha kwenye mkeka, akanigeukia, uso wake umejaa kama siku zile za viatu kumi mlangoni. "Fatu," akasema, "mletee mgeni kikombe. Kile kikubwa."